Nimefua panga la titaniamu hapa Igoma, linagoma kushika makali. Nimekosea wapi?

#1 Mhunzi wa Igoma

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi wa mapanga, majembe na visu hapa Igoma, Mwanza, mwaka wa 14 huu. Kazi yangu kubwa ni chuma cha springi za magari. Hicho nakijua hata kwa mlio wake juu ya fuawe (fuawe yangu ni kipande cha reli, msicheke). Sasa wiki mbili zilizopita kaja mteja na bamba la kijivu, jepesi ajabu, anasema ni titaniamu, nimfulie panga la kufyekea matete kwake ufukweni upande wa Kayenze. Anataka lisilopata kutu. Sikutaka kuonekana mshamba, nikamwambia lete.

Bamba lilikuwa na urefu wa mita moja, nikakata nusu. Diski tatu za kukatia zimeishia hapo. Cheche zake si za njano kama za chuma, ni nyeupe mpaka macho yanauma. Nikalitia kwenye makaa, feni ikapuliza hadi likawa rangi ya chungwa, nikaanza kugonga. Hapo ndipo jasho liliponitoka. Ukigonga mara sita saba limeshagoma, urudishe motoni. Panga la springi nalimaliza kwa saa mbili, hili lilikula siku nzima na nusu ya pili.

Lilipopata umbo nikalipasha tena, nikazamisha kwenye oili chafu kama siku zote. Kujaribu na tupa, tupa inateleza kama juu ya kioo! Nikafurahi, nikajua limekuwa feleji. Nikaingia kwenye grenda kutoa makali, yakatoka, yakanyoa nywele za mkono. Mteja kafyeka matete nusu saa tu, makali yamelala. Na tupa ile ile iliyokuwa inateleza sasa inalikwangua bila shida.

Moto ulikuwa mdogo? Oili? Au nimeletewa kitu kingine kinachoitwa titaniamu?

#2 Sangara Mkavu

Nimekaa kiti cha mbele. Ila mkuu, uzi wa panga bila picha ya panga?

#3 Kokoto la Kirumba

Umepigwa. Hiyo ni alumini. Titaniamu ya kufulia panga itoke wapi Mwanza hii, ndege gani imeanguka?

#4 Mhunzi wa Igoma

Kokoto, alumini unaitia kwenye makaa mpaka iwe rangi ya chungwa? Ingekuwa uji. Nimeyeyusha masufuria mangapi mimi.

Picha simu yangu kamera imekufa, nitaazima.

#5 Mwalimu wa Zamu

Fundi yuko sahihi. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, na rangi ya chungwa ni huko kwenye 900 na zaidi. Titaniamu inayeyuka kwenye 1,668, hata chuma kinatangulia (1,538).

Lakini tusibishane kwa macho. Una mzani? Pima bamba lililobaki likiwa hewani, kisha lining'inize kwa waya ndani ya ndoo ya maji, lizame lote lisiguse chini, upime tena. Gawa uzito wa hewani kwa tofauti ya vipimo viwili. Chuma kitakupa kama 7.8, alumini 2.7, titaniamu 4.5. Hamna kufua wala kuyeyusha.

#6 Bodaboda Mstaafu

Mimi nina bamba la titaniamu kwenye mguu wa kulia tangu ajali ya Buzuruga. Fundi nakuomba ukiniona njiani usinitazame sana.

#7 Sangara Mkavu

Hahahaha. Huyu tukimpata tunapata jambia zima na ala yake.

#8 Kokoto la Kirumba

Sawa, basi ni stenlesi. Stenlesi nayo haishiki kutu, na ile ya masinki haivutwi na sumaku. Wauza skrepa wanaipa majina yote.

#9 Mjukuu wa Mrongo

Mwangaluka wakubwa.

Mimi babu yangu mzaa baba alikuwa Mrongo wa Buzinza. Wanaojua historia ya huku wanajua Warongo ndio walioyeyusha chuma upande wa Geita, na majembe yao yakaja Usukumani, watu wakaolea. Kwetu mhunzi hakurupuki na chuma kigeni. Unakaa nacho, unakipasha kidogo, unakigonga pembeni, unakisikiliza. Fundi umechukua kitu usichokijua ukakitendea kama springi ya lori. Kosa la kwanza liko hapo, mengine yote ni watoto wake.

Kosa la pili, kama ni titaniamu kweli: makali ya chuma laini hayatafutwi kwenye oili. Yanatafutwa kwa nyundo, likiwa baridi. Gonga ukingo taratibu, nyundo ndogo, kutoka kwenye msuka (mkia unaoingia kwenye mpini) kwenda nchani. Ukingo unajibana wenyewe, unakuwa mgumu.

#10 Binti wa Karakana

Nafanya kazi kwenye mashine ya kukereza vyuma Nyakato, na titaniamu nimeigusa, si mara nyingi ila imenikomesha. Fundi, maelezo yako yote yananiambia ni titaniamu. Hivi ndivyo ninavyoelewa kilichotokea.

Ile tupa kuteleza haikutokana na oili. Titaniamu ikipata joto kali kwenye hewa inakunywa oksijeni, kadiri inavyokaa motoni ndivyo inavyozidi kunywa, na juu yake linaota ganda gumu kama kigae. Wewe umelirudisha motoni siku nzima na nusu. Tupa ilikuwa inateleza juu ya ganda. Ulipoingia na grenda ukaliondoa, ukafika kwenye nyama yenyewe, na nyama ni laini.

Oili chafu kwenye springi inafanya kazi kwa sababu springi ina kaboni, na kaboni ndiyo inayokakamaza chuma kikipozwa ghafla. Titaniamu haina mchezo huo.

#11 Mhunzi wa Igoma

Binti umenifungua. Kwa hiyo ningeliacha lile ganda ndio liwe makali? Maana lilikuwa gumu kweli.

#12 Binti wa Karakana

Hapana kabisa. Ganda lile halipindi, linapasuka. Ufa ukianza juu ya ganda unaweza kuingia ndani na panga likakatika mkononi mwa mtu. Wanaofua titaniamu kwa uhakika huliondoa lote, bapa zote mbili na mgongo, kwa kusaga au kwa asidi. Hiyo asidi usiijaribu, inakula mifupa.

#13 Nahodha Mstaafu wa Nansio

Niulize swali la kizee. Hayo matete, panga lako la springi linayafyeka muda gani kabla ya kunolewa? Matete yana mchanga ndani ya ngozi yake. Nimefyeka njia za mitumbwi Ukerewe tangu nikiwa mdogo, hakuna panga lisilolala kwenye matete. Unalaumu chuma, pengine wa kulaumiwa ni tete.

#14 Mhunzi wa Igoma

Mzee Nahodha, shikamoo. Kusema kweli sikulinganisha.

#15 Nahodha Mstaafu wa Nansio

Marahaba. Basi hujajaribu kitu. Nenda kalinganishe.

#16 Pweza wa Kilwa

Ninyi watu wa ziwani mnalia kutu gani? Maji yenu hayana chumvi. Leteni hayo mapanga Kilwa muone, unalala nalo jeupe unaamka nalo jekundu. Huku ndiko titaniamu ingekuwa na maana, maji ya bahari hayaifanyi kitu. Huyo mteja apake mafuta ya sangara kwenye panga la kawaida, habari imeisha.

#17 Sangara Mkavu

Niachieni mafuta yangu.

#18 Mhunzi wa Igoma

Wakuu, nimerudi na vipimo. Nimekwenda soko la samaki la Mwaloni leo asubuhi, jamaa wa samaki ana mzani wa kidijitali wa ndoano. Watu walijaa kutazama, wengine wakadhani napima sangara wa chuma.

Bamba lililobaki, hewani: gramu 680. Ndani ya ndoo: gramu 530. Tofauti 150. Nimegawa kwa simu imenipa 4.53.

Na sumaku ya spika haikulishika hata kidogo.

#19 Mwalimu wa Zamu

Kokoto la Kirumba, tunakusubiri.

#20 Kokoto la Kirumba

Sawa, nimekubali ni titaniamu. Sasa nisikilizeni vizuri, maana mmeshangilia mapema.

Titaniamu si moja. Ile tupu, isiyochanganywa, ni 4.51. Ile inayoitwa gredi ya 5, iliyotiwa alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4, ni 4.43, ndiyo ya ndege na ndiyo ngumu. Fundi kapata 4.53. Kwa hiyo kaletewa titaniamu tupu, laini. Hiyo ukiifua, ukiizamisha, ukiiimbia, haitashika makali. Kesi imefungwa.

#21 Mwalimu wa Zamu

Haijafungwa. Mzani wa samaki unaruka gramu 10 kwa 10. Yaani 680 inaweza kuwa 675 au 685, na 530 vivyo hivyo. Ukipiga hesabu ya pande zote mbili, jibu liko popote kati ya 4.3 na 4.8. Unaweza kusema ni titaniamu, huwezi kusema ni ya gredi gani.

#22 Kokoto la Kirumba

Basi apime kwa rula. Urefu mara upana mara unene.

#23 Mhunzi wa Igoma

Sentimita 50 kwa 6, unene milimita 5. Ila pembe moja niliikata kidogo nilipojaribu diski.

#24 Mwalimu wa Zamu

Ujazo 150, inarudi pale pale 4.53. Lakini unene ukiwa milimita 5.1 na si 5, jibu linashuka hadi 4.44, na gredi imebadilika. Una kalipa (kile kifaa cha kupimia unene)? Rula ya shule haitatusaidia.

Bamba la namna hiyo la chuma lingekuwa na kilo 1 na gramu 180 hivi. Ndiyo maana mteja alipenda wepesi.

#25 Mjukuu wa Mrongo

Mnapima mnapima, panga limelala.

#26 Tupa Bapa

Salaam. Nimesoma kuanzia mwanzo. Dada wa karakana kasema kweli isipokuwa sehemu moja. Gredi ya 5 inakubali kutiwa ugumu, kidogo. Unaipasha mpaka kwenye 950 hivi, unaizamisha kwenye MAJI (oili ni ya polepole mno kwake), halafu unairudisha kwenye joto la 500 na kitu kwa saa nne au zaidi. Inapanda. Haifikii chuma cha kisu, ila inapanda.

Kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell: gredi ya 5 kama ilivyotoka kiwandani ni kama 36. Panga la chuma la dukani liko 45 na kuendelea, kisu kizuri cha jikoni 56 mpaka 60. Sasa fundi alitegemea nini? Zipo titaniamu za kundi la beta zinazofika 40 na kitu, hizo ndizo za visu vya wapiga mbizi na wategua mabomu ya majini, kwa sababu hazivutwi na sumaku. Bei yake usiulize.

#27 Binti wa Karakana

Tupa Bapa, asante, nakubali marekebisho. Ila niambie nani Igoma ana tanuri la kushika nyuzi 500 kwa saa nne. Kwenye makaa?

#28 Tupa Bapa

Tanuri la mkate.

#29 Binti wa Karakana

La mkate linaishia 250, mkuu.

#30 Tupa Bapa

La vyungu basi. Nimesema inawezekana, sikusema ni rahisi.

#31 Bodaboda Mstaafu

Samahani wataalamu, mguu wangu ni gredi ya ngapi?

#32 Mwalimu wa Zamu

Mabamba ya mifupa mengine ni titaniamu tupu, mengine ni ndugu wa gredi ya 5, mengine ni stenlesi. Ning'inia kwenye ndoo tukupime.

#33 Binti wa Karakana

Naomba niseme jambo kabla fundi hajarudi kwenye grenda, maana naona wote tumeliruka.

Vumbi la titaniamu linawaka. Bamba haliwaki ovyo, vumbi lake jembamba ndilo linalowaka, na likishawaka halifanani na moto mnaoujua. Karakana moja niliyofanyia kazi zamani tulikuwa tunasaga vyuma vya kila aina kwenye meza moja, na hakuna aliyefagia chini. Vumbi la titaniamu likachanganyika na unga wa kutu. Siku hiyo cheche ikaanguka. Mwanga ukawa mweupe kama wa kuchomelea, na kijana mmoja kwa nia njema akamwagia ndoo ya maji. Ule moto uliruka hadi kwenye paa. Joto lake linayavunja maji yenyewe, inatoka haidrojeni, nayo inawaka. Kijana alipona, nyusi zilichukua miezi kuota.

Mchanga mkavu uwe kwenye debe karibu na grenda. MKAVU, usichote ufukweni asubuhi ukautia humo umelowa. Fagia kila unapomaliza. Usisagie titaniamu mahali unaposagia chuma. Miwani, na barakoa.

Na jambo la pili: titaniamu haisafirishi joto vizuri. Chuma ukikisaga ncha ikiungua mkono unajua, unaachia. Titaniamu ncha inaweza kuwa nyekundu huku mkono umeshika baridi. Fundi, ulipokuwa unatoa makali yaligeuka rangi?

#34 Mhunzi wa Igoma

Yaligeuka. Kwanza kama majani makavu, halafu zambarau, halafu bluu. Mkono sikusikia kitu. Nikadhani ni ile bluu ya springi, ya kupunguza ugumu, nikaona ni jambo jema.

Na kuhusu moto asante sana dada, kwangu chini ya grenda hakujafagiwa tangu Pasaka. Naenda kufagia sasa hivi.

#35 Tupa Bapa

Bluu ya springi inakuja kwenye 300 hivi. Bluu ya titaniamu ni ya joto kubwa zaidi ya hapo, usizilinganishe. Maana yake ukingo uliupika. Grenda ya mkono inazunguka mara 11,000 kwa dakika, ni kasi ya kuchoma tu. Titaniamu inataka mkanda mpya wa msasa, mwendo wa polepole, na kuchovya kwenye maji kila baada ya kupitisha mara moja. Mkanda ukilala utupe, usiukamue, maana mkanda mzee unasugua bila kukata na joto lote linaishia kwenye ukingo.

Kwangu mimi kosa ni hapa. Gredi si hoja.

#36 Kokoto la Kirumba

Kwangu gredi ndiyo hoja.

#37 Mjukuu wa Mrongo

Kwangu nyundo. Hajajaribu bado.

#38 Mtafiti wa Kitaa

Nimechelewa. Kuna kitu nataka kuuliza tofauti kidogo. Kule kwetu ziwani mchanga mweusi upo mwingi, na nasikia mchanga mweusi ndiyo titaniamu. Warongo waliyeyusha chuma kwa udongo wa kichuguu na mifuo (viriba vya kupulizia moto). Kwa nini tusiyeyushe yetu wenyewe badala ya kuokota mabamba?

#39 Mwalimu wa Zamu

Mchanga mweusi unaweza kuwa vitu vingi. Ukinasa sana kwenye sumaku, mara nyingi ni madini ya chuma. Yale ya titaniamu yanaitwa ilmenaiti, ni chuma na titaniamu vimeshikana na oksijeni. Jirani zetu Kenya walichimba Kwale, wakaanza kusafirisha 2014 na uchimbaji ukafika mwisho wake Desemba 2024. Na sehemu kubwa ya madini hayo duniani inaishia kwenye rangi nyeupe kama ya ukutani, panga halipo kabisa kwenye hesabu.

Kwa makaa haiwezekani. Chuma kinamwachia kaboni oksijeni yake, kinabaki safi. Titaniamu ukiilazimisha na kaboni inashikamana na kaboni yenyewe. Watu walijua ipo tangu 1791 lakini njia ya kuitoa kwa wingi ilipatikana miaka ya 1940, ya William Kroll: unaigeuza kwa klorini iwe kimiminika, kisha unaipokonya klorini kwa magnesi iliyoyeyuka, ndani ya chombo kisicho na hewa.

#40 Mjukuu wa Mrongo

Hata hivyo msidharau mifuo. Wahaya wa Kagera walikuwa wanapitisha hewa kwenye mabomba yaliyoingia ndani ya tanuri, inafika ikiwa imeshapata moto. Watafiti Schmidt na Avery waliandika hayo 1978 na wasomi wakashangaa, maana tanuri za namna ile za huko Kagera zina miaka 1,500 hadi 2,000.

#41 Kokoto la Kirumba

Hilo sikatai. Ila Wahaya si Warongo, usituletee urithi wa jirani.

#42 Mjukuu wa Mrongo

Ziwa ni moja. Na bibi yangu ni wa Muleba.

#43 Nahodha Mstaafu wa Nansio

Fundi, umelinganisha?

#44 Mhunzi wa Igoma

Nimelinganisha mzee. Jana nimekwenda Kayenze kwa mteja. Mstari mmoja wa matete, mimi na panga la springi nililofua mwenyewe, mteja na la titaniamu lililonolewa upya, safari hii kwa tupa tu bila grenda.

La titaniamu lilianza kulala kwenye dakika ya 40. La springi lilikwenda saa moja na nusu nikaona limechoka. Kwa hiyo mzee Nahodha ulikuwa sahihi nusu, matete yanakula yote mawili. Lakini la springi bado ni baba.

Na pale kwenye dakika ya 40 ni afadhali kuliko ile nusu saa ya kwanza, kwa hiyo huenda Tupa Bapa naye ana lake.

Kingine, nilijaribu ushauri wa Mjukuu kwenye kipande cha pembe nilichokata. Nimegonga ukingo likiwa baridi. Mwanzo tupa ilianza kuwa nzito kidogo, nikafurahi. Nilipoendelea ukachanika kama ukingo wa chapati.

#45 Mjukuu wa Mrongo

Ulizidisha.

#46 Tupa Bapa

Limechanika? Basi hiyo si titaniamu tupu, ile inavumilia nyundo baridi. Kokoto, gredi ya 5 hiyo.

#47 Kokoto la Kirumba

Au ganda halikuondolewa kwenye kile kipande. Fundi ulisaga kwanza?

#48 Mhunzi wa Igoma

Kile kipande hakikuingia motoni kabisa. Ila ukingo wake ni ule uliokatwa na diski, ulikuwa umegeuka bluu.

#49 Kokoto la Kirumba

Umeona. Umegonga ukingo uliochomwa na diski. Hatujui kitu bado.

#50 Binti wa Karakana

Kuna njia ya wanaouza visu vya titaniamu huko Marekani, ukingo wa upande mmoja wanaupaka kabaidi ya tangsteni kwa cheche za umeme. Upande laini ukilika, ule mgumu unabaki mbele, kisu kinajinoa chenyewe. Sijaiona kwa macho hapa Mwanza. Lakini mwenye mashine ya kuchomelea na akili ya kuchezea anaweza kuanzia hapo.

Na ushauri wangu kwa umbo: titaniamu inapinda karibu mara mbili ya chuma chenye unene uleule. Usilifanye jembamba kama la springi, litakuwa linacheza kwenye tawi. Mgongo uwe mnene.

#51 Nahodha Mstaafu wa Nansio

Na uzito? Panga linakata kwa uzito wake, mkono unaliongoza tu. Jepesi hilo kwenye mti linaruka kama mpira.

#52 Mhunzi wa Igoma

Kwenye mti ndiyo, linaruka. Nililijaribu kwenye gogo la mwembe, aibu. Ila kwenye matete mteja anasema bega halimuumi. Ana miaka 60 na kitu, alikuwa anafyeka robo saa anakaa.

#53 Sangara Mkavu

Kwa hiyo mteja analichukua au hachukui? Na picha?

#54 Mhunzi wa Igoma

Analichukua. Mwalimu aliwahi kunidokezea faraghani kipimo cha umeme, nikakifanya: betri mbili za pikipiki mfululizo, volti 24, sabuni ya unga kwenye maji, panga kwenye chanya, kijiko cha stenlesi kwenye hasi. Dakika moja limegeuka zambarau inayoelekea bluu, linang'aa kama shingo ya njiwa. Mteja alipoliona aliacha kuuliza habari za makali. Anasema tupa anayo, atanoa mwenyewe wakati wa chai.

Na ameleta nusu ya pili ya kazi, anataka lingine la mkwe wake. Safari hii sitazamisha kwenye chochote, nitafua kidogo na kusaga polepole.

#55 Kokoto la Kirumba

Amekulipa?

#56 Mhunzi wa Igoma

Nusu. Nyingine kasema ataleta dagaa gunia moja.

#57 Pweza wa Kilwa

Dagaa wa maji baridi hao si dagaa.

#58 Nahodha Mstaafu wa Nansio

Wewe wa Kilwa nyamaza. Fundi, waliokaushwa kwenye chanja au kwenye mchanga? Kama ni kwenye mchanga usipokee, utapoteza meno kabla ya makali.

#59 Bodaboda Mstaafu

Gunia zima hutalimaliza peke yako. Niko Buzuruga, nakuja kwa mguu, ule wa kushoto.